Hesabu Mbili za Watoto

Ziko hesabu mbili zinazotembea duniani siku hizi, na kila moja ina watu wake wanaoibeba juu kama bendera. Hesabu ya kwanza yasema kwamba katika kila watoto 100 wanaoona dhiki juu ya jinsia yao, 80 au zaidi wataachana na dhiki hiyo kabla hawajawa watu wazima. Hesabu ya pili yasema kwamba katika kila watoto 100 wa namna hiyo, 94 hawataachana nayo. Wanaoishika ya kwanza huwaita wenzao wapotoshaji wa watoto. Wanaoishika ya pili huwaita wenzao watesaji wa watoto. Hesabu hizi zimesomwa katika mabunge ya nchi kubwa, zimetajwa mbele ya majaji, zimetiwa katika hotuba za wagombea, na kutoka huko zimefika katika redio na simu za mkononi za wasomaji wetu.

Sisi twasema kwamba hesabu zote mbili zilipatikana kwa kazi ya kweli, walakini wengi wanaozitumia hawazitumii kwa haki. Nia yetu leo ni kueleza jinsi zilivyopatikana, nani walihesabiwa na nani waliachwa, ili msomaji atakapozisikia tena ajue pa kuzishika. Gazeti hili ni la Chama, na Chama ni cha wafanyakazi na wakulima, watu ambao wamejifunza kwa hasara kwamba kabla ya kutia sahihi yakupasa uitazame mizani. Nasi twaona kwamba jambo hili, ambalo ndani yake yamo maisha ya mtoto, lataka mizani ya haki kuliko pamba na korosho.

Kwanza tuelezane jambo lenyewe. Wapo watoto, nao ni wachache, ambao tangu wakiwa wadogo husema ya kuwa wao si wa jinsia waliyozaliwa nayo, au hutamani mno kuwa wa jinsia nyingine, na hali hiyo huwatia huzuni isiyokwisha kwa siku moja wala kwa mwezi mmoja. Madaktari huiita disforia ya jinsia. Sisi hapa tutaiita dhiki ya jinsia. Jambo hili lisichanganywe na mtoto wa kiume apendaye kukaa jikoni na mama yake, au mtoto wa kike apendaye kupanda miembe na kupiga mpira. Watoto wa namna hiyo wako katika kila mtaa, wala hawana dhiki yo yote isipokuwa ile watakayotiwa na wakubwa wao.

Chama cha madaktari wa maradhi ya akili cha Marekani kiliiandika hali hii katika kitabu chake cha maradhi mwaka 1980. Mwaka 2013 kikabadili jina lake pamoja na masharti ya kuitambua. Shirika la Afya Duniani nalo limeitoa katika sura ya maradhi ya akili, na utaratibu huo mpya ulianza kutumika mwaka 2022. Twayataja haya mapema kwa sababu yana kazi mbele: masharti yakibadilika, wanaohesabiwa nao hubadilika.

Sasa tuitazame hesabu ya kwanza. Uchunguzi wa zamani uliopata sifa kubwa ni wa Daktari Richard Green wa Marekani. Yeye aliwafuata watoto wa kiume waliopenda mavazi, michezo na mwenendo wa kike, akawatazama kwa muda wa miaka 15 hivi, na mwaka 1987 akatoa kitabu. Watoto 66 walianza naye. Alioweza kuwapata tena wakiwa wamekua ni 44. Katika hao 44, mmoja tu ndiye aliyefikiri kubadili jinsia. Wengine walio wengi, kadiri ya robo tatu ya wote, walitokea kuwa watu wanaopenda watu wa jinsia yao au wa jinsia zote mbili. Kwa hiyo mwenendo wa utotoni ulikuwa na habari ya kusema juu ya mtoto, lakini haikuwa habari ile ambayo wengi waliitarajia.

Mjini Toronto, nchini Kanada, Kelley Drummond na wenzake walitoa mwaka 2008 habari za watoto wa kike 25 waliopelekwa kliniki wakiwa na umri wa miaka 3 hadi 12. Walipotazamwa tena wakiwa na miaka 23 hivi, waliokuwa bado na dhiki walikuwa 3. Mwaka 2021 Devita Singh na wenzake wakatoa habari za watoto wa kiume 139 wa kliniki iyo hiyo. Walioendelea ni 17, yaani 12 kwa mia. Nchini Uholanzi, mwaka 2008, Madeleine Wallien na Peggy Cohen-Kettenis waliandika juu ya watoto 77: walioendelea na dhiki ni 21, waliotulia ni 33, na 23 hawakujibu au hawakuonekana tena. Mwaka 2013 Thomas Steensma na wenzake wa Amsterdam walihesabu vijana 127 ambao walikuja kliniki utotoni, wakasema kwamba 47 waliendelea na 80 walitulia.

Huko ndiko ilikotoka hesabu ya kwanza. Msomaji ataona mara moja ya kuwa hata humo hamna namba moja. Toronto waliotulia ni 88 katika kila wavulana 100. Amsterdam ni 63. Asemaye "80 au 90 kwa mia" amechagua upande mmoja wa meza. Hata hivyo yatupasa kukiri kwamba chunguzi hizi zote, katika miji mbalimbali na miaka mbalimbali, zinaelekea upande mmoja: watoto wadogo wengi walioletwa kliniki kwa sababu hii hawakuwa nayo tena walipokua.

Wakosoaji wana hoja zao, na hoja hizo ni nzito. Mwaka 2018 Julia Temple Newhook na wenzake walizikusanya pamoja. Hoja ya kwanza ni ya kipimo. Mkulima ajua kwamba pishi ya duka hili ikiwa kubwa na ya duka lile ndogo, huwezi kulinganisha bei. Katika watoto wa zamani walikuwamo wasiotimiza masharti yote ya dhiki, na masharti yenyewe ya wakati ule yaliweza kumkamata mtoto ambaye hakusema hata siku moja kwamba yeye ni wa jinsia nyingine. Wakosoaji wakasema: hao hawakuacha kitu, kwa maana hawakuwa nacho. Wachunguzi wa Toronto walilijibu jambo hili kwa kuwagawa wavulana wao 139 mafungu mawili. Waliotimiza masharti yote walikuwa 88, na 12 kati yao waliendelea. Wasiotimiza walikuwa 51, na 5 kati yao waliendelea. Tofauti ni ndogo. Basi hoja ya kipimo ina ukweli wake, lakini haiiangushi hesabu yote. Ikumbukwe pia kwamba mafungu hayo yaligawanywa kwa masharti ya zamani yale yale, na masharti ya mwaka 2013 hayakuwahi kutumiwa kwa watoto hao walipokuwa wadogo.

Hoja ya pili ni ya wasiokuwapo. Kila katibu wa tawi ajua desturi ya mkutano. Wanachama 100 wameitwa, wamekuja 70, kura zimepigwa. Katibu hana ruhusa ya kuandika kwamba wale 30 wasiokuja wamepiga kura ya kukataa. Labda walikuwa zamu kiwandani, labda walihama, labda waliuchukia uongozi. Huko Amsterdam, katika hesabu ya mwaka 2013, wale ambao hawakurudi kliniki walihesabiwa pamoja na waliotulia, hata wale ambao hawakujibu barua. Wachunguzi walikuwa na sababu yao: kliniki ya namna ile ilikuwa ni hiyo moja kwa watoto wa nchi nzima, kwa hiyo asiyerudi yamkini hakuwa na haja tena. Sababu hiyo ina akili. Lakini ni dhana, na dhana haiwi kura.

Hoja ya tatu ni ya namna watoto walivyotendewa. Kliniki ya Toronto ilikuwa ikijaribu kuwazoeza watoto wadogo kuikubali jinsia ya kuzaliwa nayo, na ilifungwa mwezi wa Desemba 2015 baada ya mabishano makubwa. Kliniki ya Uholanzi kwa desturi iliwashauri wazazi wangoje na kutazama mpaka balehe ianze. Katika miji yote miwili watoto waliobadilishwa jina na mavazi tangu utotoni walikuwa wachache sana katika miaka ile. Kwa hiyo hesabu ya kwanza ni hesabu ya watoto walioachwa wakue bila kubadilishwa. Hilo halina budi kusemwa kila hesabu hiyo inapotajwa, na mara nyingi halisemwi.

Tuigeukie hesabu ya pili. Mwaka 2022 Kristina Olson na wenzake, wa Marekani, walitoa habari za watoto 317 wa Marekani na Kanada. Watoto hawa wote walikuwa wamekwisha badilishwa na wazazi wao: jina jipya, mavazi mapya, na kutajwa shuleni na nyumbani kwa jinsia ile waliyoisema wao. Hawakuwa wamekwisha pewa dawa za kuzuia balehe walipobadilishwa. Ni maisha ya kila siku tu yaliyobadilishwa. Miaka 5 hivi baada ya mabadiliko hayo, 94 katika kila 100 walikuwa wakisimama pale pale. Wawili na nusu kwa mia walirudi katika jinsia ya kuzaliwa, na watatu na nusu kwa mia walisema kwamba wao si wa upande huu wala ule.

Basi mtu atauliza, yawezekanaje 88 waache na 94 wasiache? Sisi twapenda kujibu kwa mfano wa stesheni ya reli, ambao ndugu zetu wa reli watauelewa upesi. Karani mmoja amesimama langoni Dar es Salaam siku ya gari la Kigoma, akahesabu kila aingiaye. Humo wamo wasafiri, wamo waliokuja kusindikiza, wamo wauza karanga, wamo waliokuja kuuliza saa. Akisema kwamba walio wengi hawakufika Kigoma, amesema kweli. Karani wa pili amepanda ndani ya gari, akahesabu wale waliokwisha kata tikiti na kukaa katika viti vyao. Gari lilipopita Dodoma aliwahesabu tena, akakuta karibu wote wangalimo. Naye amesema kweli. Mwenye makosa ni yule wa tatu, achukuaye hesabu ya langoni akamwambia abiria aliyeketi, "Wewe hutafika", au achukuaye hesabu ya ndani ya gari akamwambia kila mpita njia wa stesheni, "Wewe u msafiri, panda."

Liko swali moja zaidi, na ndilo linalowagawa wataalamu hata leo. Abiria wa karani wa pili walibaki garini kwa sababu walikuwa wasafiri tangu nyumbani, au kwa sababu gari likishaondoka ni vigumu kushuka? Mwaka 2019 James Rae, Olson na wenzao walionyesha kwamba watoto ambao walikuja kubadilishwa baadaye ni wale ambao hata kabla ya kubadilishwa walikuwa na msimamo mkali zaidi juu ya jinsia yao. Hilo launga mkono upande wa wasafiri wa tangu nyumbani. Upande wa pili, wachunguzi wa Amsterdam waliona mwaka 2013 kwamba kubadilishwa utotoni, hasa kwa watoto wa kiume, kuliambatana na kuendelea kwa dhiki baadaye, nao wakatahadharisha kwamba mtoto aliyekwisha julikana na shule nzima kwa jina jipya huona tabu kurudi hata akitaka. Mambo yote mawili yaweza kuwa kweli kwa watoto mbalimbali. Walihesabiwa pia watu 720 wa Uholanzi waliopewa dawa za kuzuia balehe ujanani na kisha homoni. Mwaka 2022 ikatangazwa kwamba 704 kati yao walikuwa wangali wakitumia homoni. Hao walikuwa wamechujwa kwa muda mrefu kabla ya kupewa dawa. Ni abiria wa viti vya mbele kabisa.

Kana kwamba tabu hizi hazitoshi, stesheni yenyewe imebadilika. Watoto wa chunguzi za zamani walikuwa wadogo, na wengi walikuwa wavulana. Mjini London kliniki ya taifa ya watoto wa namna hii, iliyofunguliwa mwaka 1989, ilikuwa ikipokea watoto wachache kila mwaka. Mwaka 2011 hadi 2012 walioletwa hawakufika 250. Mwaka 2021 hadi 2022 walizidi 5,000. Tena wengi wao sasa walikuwa wasichana waliokwisha vunja ungo, ambao dhiki yao ilianza baada ya balehe, na wengi walikuwa na huzuni kubwa au shida nyingine za akili pamoja nayo. Kuchukua hesabu ya wavulana wa miaka 7 wa Toronto ya zamani na kumvisha msichana wa miaka 15 wa leo ni kumpimia mtu shati kwa kamba ya jirani yake. Na wale washangiliao hesabu ya 94 nao wakumbuke kwamba watoto wa Olson walibadilishwa wangali wadogo, wengi wao wakiwa na miaka 6 au 7 hivi. Hiyo nayo si kamba ya msichana huyu.

Mwaka 2020 mamlaka ya afya ya Uingereza ilimwomba Daktari Hilary Cass, mtaalamu wa maradhi ya watoto, aichunguze kazi hiyo yote. Ripoti yake ya mwisho ilitoka mwezi wa Aprili 2024, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha York walimsaidia kwa kuzipima chunguzi za dunia moja moja. Alisema kwamba msingi wa elimu ya dawa za kuzuia balehe ni dhaifu, na kwamba hatujui vya kutosha jinsi ya kumtambua mapema mtoto atakayeendelea na yule atakayetulia. Lakini jambo lililotugusa zaidi katika ripoti hiyo ni hili. Walitaka kuwafuata watu wapatao 9,000 waliopita katika kliniki ya London utotoni ili ijulikane wako katika hali gani. Kati ya kliniki 7 za watu wazima zilizoombwa taarifa, 6 zilikataa kushirikiana wakati kazi hiyo inafanywa. Maelfu ya watoto walitibiwa kwa fedha za umma, na hapakuwa na daftari liwezalo kusema wamefikia wapi. Chama cha ushirika kinachopoteza daftari la wanachama wake huitwa mbele ya mkaguzi. Hapa waliopotea katika daftari walikuwa watoto.

Baadhi ya madaktari waliipinga ripoti ya Cass, wakasema imedai ushahidi wa namna ambayo haipatikani katika matibabu mengi ya watoto, na kwamba kijana mwenye dhiki kali naye hudhurika kwa kungojeshwa, kwa kuwa balehe haingoji. Neno hili la mwisho ni la haki. Kungoja kwa kijana wa miaka 14 mwenye dhiki tangu utotoni si sawa na kungoja kwa mtoto wa miaka 5. Yule wa pili hapotezi kitu akingoja. Yule wa kwanza, mwili wake unaendelea kujijenga kila mwezi kwa namna anayoiona kama adhabu.

Baada ya hapo siasa ikaingia kwa miguu yote miwili. Mwezi wa Mei 2024 serikali ya Conservative ya Uingereza ilipiga marufuku kwa muda dawa za kuzuia balehe kwa watoto wenye dhiki hii. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo serikali ya Labour, chama kilichozaliwa na vyama vya wafanyakazi, ikaifanya marufuku hiyo kuwa ya muda usiojulikana, ikaahidi kuitazama tena mwaka 2027. Ufini ilipunguza matumizi ya dawa hizo mwaka 2020, na Sweden mwaka 2022. Nchini Marekani chama cha madaktari wa watoto kilithibitisha tena mwaka 2023 kwamba kinaunga mkono matibabu hayo. Lakini mwezi wa Juni 2025 Mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo iliiacha isimame sheria ya jimbo la Tennessee inayoyakataza kwa walio chini ya miaka 18. Kwa hiyo mtu asitudanganye kwamba upande mmoja wa siasa una elimu na upande wa pili una ujinga tu. Elimu yenyewe ingali ikijengwa.

Katika elimu hiyo iliyopo, yako machache yaliyo imara, nayo twayaweka hapa bila kuyapamba. Mtoto ambaye dhiki yake ni kali zaidi, na ambaye husema "mimi ni" kuliko "natamani kuwa," ana dalili zaidi za kuendelea; lakini dalili si hukumu, maana wako waliokuwa na dhiki kali wakatulia, na wako waliokuwa na dhiki ndogo wakaendelea. Miaka ya 10 hadi 13 ni njia panda. Vijana wa Uholanzi waliohojiwa na Steensma na wenzake katika uchunguzi wa mwaka 2011 walisema kwamba katika miaka hiyo, mwili ulipoanza kubadilika, marafiki walipobadilika na mapenzi ya kwanza yalipoingia, ndipo dhiki ilipozidi kwa wengine na kuwaondokea wengine. Hata nje ya kliniki za jinsia mawazo ya watoto hubadilika: katika vijana 2,772 wa Uholanzi waliofuatwa tangu miaka 11 hadi 26, waliosema kwamba hutamani kuwa wa jinsia nyingine walikuwa 11 kwa mia mwanzoni na 4 kwa mia mwishoni, kama ilivyotangazwa mwaka 2024. Wengi wao walikuwa watu wa kila nyumba, na wengine walitoka katika kundi la watoto waliopata kupelekwa kwa madaktari wa akili. Habari yao inatufundisha juu ya umri, haitufundishi juu ya mtoto fulani.

Katika hayo yote twapata neno moja tunalotaka liwakae wasomaji wetu. Hapana mtu leo, awe daktari, awe mhubiri, awe mbunge, awezaye kumtazama mtoto mdogo mwenye dhiki hii akasema kwa yakini atakuwaje akikua. Asemaye kwa yakini anasema asilolijua. Na kwa kuwa hatujui, yatupasa tuwe na subira yenye macho: tumtazame mtoto, tumsikilize, tusimfungie mlango wa kwenda wala mlango wa kurudi.

Wapo watakaotukumbusha mithali isemayo samaki mkunje angali mbichi. Mithali hiyo twaiheshimu. Ni ya ukweli, kazi na adabu, mambo ambayo mtoto hufundishwa na kuyashika. Lakini wachunguzi waliolinganisha watoto wa Toronto na wa Utrecht, katika kazi iliyotolewa mwaka 2003, waliona kwamba watoto wenye dhiki hii waliosumbuka zaidi moyoni na katika mwenendo ni wale waliokuwa na uhusiano mbaya na watoto wenzao. Basi dhihaka na kutengwa hushikana na huzuni ya mtoto, na hapana hata uchunguzi mmoja katika tuliyoyaeleza uliosema kwamba fimbo ilimtuliza mtu. Mtoto anayepigwa hujifunza kunyamaza, na mzazi akadhani amepona.

Kwa hiyo twasema haya. Kwa viongozi wa siasa wa kila upande na kila nchi: mtoto hana kadi ya chama wala hana kura. Msimchukue jukwaani. Mkitaja hesabu, tajeni na walihesabiwa nani. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na ulimi wa kiongozi ukijikwaa, aumiaye ni mwingine.

Kwa wataalamu: wekeni daftari. Kila mtoto aliyefika kliniki afuatwe kwa miaka, aliyeendelea na aliyetulia, aliyepewa dawa na aliyenyimwa, na asiyejibu aandikwe kuwa hakujibu. Hesabu hizi tulizozieleza zilifanywa Ulaya na Marekani ya Kaskazini, juu ya watoto wa huko. Asiwepo mtu wa kuzibandika juu ya watoto wa nchi nyingine kama kibandiko cha bei.

Na kwa ndugu zetu wafanyakazi, mnaorudi nyumbani jioni mmechoka na kukuta watoto wamekua kidogo kuliko asubuhi: mmoja wenu akikuta mtoto wake ana dhiki hii, asikimbilie fimbo, wala asikimbilie kuamua jambo lisiloweza kurudishwa. Amweke karibu. Amzuilie dhihaka za jamaa na majirani. Amtafutie daktari mwenye subira, asiyetoa jibu kabla ya kusikia. Miaka ikipita, mtoto huyo huenda akawa mmoja wa wale waliotulia, au mmoja wa wale walioendelea. Katika hali zote mbili atakuwa bado mtoto wa nyumba ile, na atakumbuka ni nani aliyesimama upande wake siku ambazo hakuna aliyejua.